Mbasa Bila Chumvi

Sehemu ya sita

Tulimwacha Mzee Wendelin ameshika tonge la ugali wa muhogo, mdomo wazi, na wakwe watarajiwa kutoka Kigonsera wakimkodolea macho. Tonge la kwanza lilikwisha kupita kooni. La pili liligoma.

Samaki hakuwa na chumvi.

Sisemi ilipungua, msomaji. Haikuwepo kabisa. Mbasa aliyevuliwa alfajiri ile ile, akapikwa na Ottilia, mke wa Wendelin, mpishi ambaye pale Lundo hakuna anayethubutu kuozesha, kubatiza wala kuzika bila kumwita, alikuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo.

Na siku yenyewe ndiyo ile tuliyoingoja wiki zote hizi. Wazee wa Salvatory wameshuka kutoka milimani kuja kumposa rasmi Mwalimu Benadetha, binti pekee wa nyumba hiyo. Barazani alikaa Mzee Bartholomayo, baba wa kijana, na pembeni yake mkewe, Mama Serafina. Mbele yao alikaa mshenga Aloyce, mtu wa suti nzito na moyo mwepesi wa kuchukia.

Aloyce alilisukuma bakuli mbele.

"Mzee Wendelin," alisema, "sisi kwetu mgeni asiyetakiwa huambiwa kwa mdomo. Kumbe ninyi watu wa ziwani mnamwambia kwa mchuzi."

"Hapana, mshenga, hapana!"

"Kama binti hamtoi, semeni. Tumeacha kahawa juani."

Aliyeendelea kula ni mmoja tu. Mzee Bartholomayo alikuwa akichambua miba kwa raha zake.

"Jamani, mbona mimi naona tamu? Nyumbani mke wangu ameacha kabisa kutia chumvi. Anasema presha. Ulimi wangu umekwisha kusahau."

Mama Serafina alimkata jicho. Mzee akarudi kwenye miba yake.

Wendelin aliinuka, akavuta tabasamu la uongo, akatoka kuelekea jikoni. Alitembea kwa adabu mpaka kona ya nyumba. Baada ya kona alikimbia.

Ottilia alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ameificha ndani ya khanga. Kopo la chumvi lilikuwa juu ya kinu, na mfuniko wake haujaguswa.

"Mama Benadetha! Chumvi iko wapi?"

"Hiyo hapo."

"Naiona! Nauliza kwa nini iko hapo na samaki wako kule!"

"Nilimwambia Tadea aitie."

Tadea, dada yake Wendelin, aliingia wakati huo huo na ndoo tupu kichwani. Alipoona nyuso mbili zimemgeukia, alishika mdomo. "Yesu wangu! Wifi, uliniambia! Nikaenda kuwapokea wageni, nikakuta wanapiga vigelegele, na mimi nikisikia kigelegele unanijua."

"Lakini kwa nini Tadea?" Wendelin alipaza sauti. "Kwani mikono yako ina nini, mke wangu?"

Ottilia alizidi kuificha.

Hapo Tadea alinyamaza, jambo ambalo kwa Tadea ni muujiza. Alilitazama kopo. Alimtazama wifi yake. Alizitazama tena zile khanga.

Vijana mnaosoma hadithi hii kwenye simu, ngojeni niwape siri ya jikoni. Bibi zao kina Ottilia walikuwa na sheria yao: mwanamke akiwa katika siku zake hagusi chumvi ya chungu cha watu. Walisema walaji wataugua kifua. Mwalimu Benadetha akisikia hayo hucheka mpaka anashika mbavu, lakini mama yake alilelewa hivyo, na mkono ukishalelewa haubishani. Ujana wake wote Ottilia alipika, na zile siku zikifika alimwita mtu mwingine aje atie chumvi. Ndiyo maana siku zake zilipokoma, Benadetha akiwa bado sekondari, hakununa kama wengine. Alishukuru. Chumvi sasa alitia mwenyewe, kila siku, kwa kipimo chake, na hapo ndipo sifa zake za upishi zilipoanza kuvuma mpaka Mbamba Bay.

Sasa mwanamke aliyekwisha koma anaogopa nini kwenye kopo la chumvi?

Tadea alipiga hesabu yake. Akapata jibu. Akaiangusha ndoo na kupiga kigelegele kilichowafanya kuku watawanyike.

"Kaka! Mke wako amerudi ujanani!"

"Nani?"

"Huyu! Mambo yamerudi! Hata Benadetha unaweza kumpatia mdogo wake!"

Taratibu uso wa Wendelin ukaanza kung'aa. Wasomaji wa tangu mwanzo mnajua mateso ya mzee huyu. Tangu kabla ya mvua mkewe alihamisha mto wake kwenda chumba cha binti, akasingizia joto. Nguo zake alikwenda kuzifua ziwani kabla wenzake hawajaamka. Chakula cha mume siku moja kina chumvi, siku nyingine hakina. Wendelin alimshuku mwalimu wa kwaya, akajishuku mwenyewe, na mwisho akanunua chupa ya mizizi kwa mchuuzi wa Mbamba Bay, mizizi ambayo, kwa maneno ya mchuuzi, ilikuwa imemwamsha hata mzee wa miaka tisini.

"Ile mizizi!" alinong'ona kwa heshima kubwa.

"Mizizi uliinywa wewe," Ottilia alisema. "Mimi sikuionja."

"Nguvu zake zinapita ukutani, mke wangu!"

Akarudi barazani kifua mbele. Dakika si nyingi alikuwa amemwinamia Mzee Bartholomayo sikioni, na Mzee Bartholomayo alikuwa akiuliza, kwa sauti ya chini sana, kama chupa ya pili inaweza kupatikana.

"Hodi jikoni."

Mama Serafina alikuwa amesimama mlangoni. Tadea na Ottilia waliruka kwa aibu. Mkwe jikoni! Tena mkwe ambaye posa yake haijakubaliwa bado!

"Karibu, mkwe, lakini hapa moshi..."

"Mimi nimezaliwa Liuli," alisema Mama Serafina. "Moshi wa samaki ndio ulionilea. Huko Kigonsera nimeolewa tu." Akamgeukia Tadea. "Shangazi, barazani wanataka maji ya kunawa."

Tadea alitaka sana kubaki. Macho ya Mama Serafina yakamshauri vingine.

Mama Serafina alichukua kijiko, akaonja mchuzi, akakirudisha. Hakuuliza kitu. Unajua, mkwe na mkwe hawaulizani mambo ya mwili. Huulizana mvua na mavuno, na wakizidi sana huulizana afya ya mbuzi. Alilichukua kopo la chumvi, akalifungua, akalishika mkononi akiwa ametulia kwa muda. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Benadetha! Mwanangu, njoo utie chumvi kwa mkono wako mwenyewe, wakwe zako waonje. Huko barazani waambieni kwamba ndivyo tulivyopanga sisi kina mama: samaki amemngoja bibi harusi!"

Si akili hiyo? Vigelegele vilipasuka uwanja mzima. Benadetha aliingia akicheka, akatia chumvi, akachukuliwa na sufuria lake kwenda barazani kama malkia. Mshenga Aloyce alionja, akafuta mdomo, akasema kwamba yeye tangu mwanzo alihisi kuna heshima fulani inakuja.

Posa ikapona. Jikoni wakabaki wanawake wawili, na kopo katikati yao.

"Mkwe," Mama Serafina alianza akitazama moto, "nina dada yangu huko Namswea. Naye alikoma, akakaa miaka, akazoea. Siku moja akaona tone. Akasema ni uchovu wa jembe. Likaja tena. Akaacha kutia chumvi, akanyamaza."

Ottilia aliuma pindo la khanga.

"Wengine walimwambia ujana umerudi," Mama Serafina aliendelea. "Mkwe, ujana haurudi kwa njia hiyo. Damu ikishaaga haina ruhusa ya kurudi. Ikirudi hata tone moja, ni ya kuulizwa imefuata nini."

Machozi ya Ottilia yalitoka yenyewe. Alikuwa amebeba jambo hilo peke yake muda mrefu mno, na sasa limesemwa na mtu ambaye hakupaswa hata kulijua.

"Ilianza kidogo tu," alisema. "Ikaacha. Nikasema ni yale madebe ya maji ya harusi ya majirani kina Cleopa. Ikarudi. Haiumi, mkwe! Ingekuwa inauma ningekwenda."

"Hiyo isiyouma ndiyo inayodharauliwa."

"Ni saratani?"

"Mimi sijui, na wewe hujui, na huyo wifi yako mwenye vigelegele hajui kabisa. Walimwambia dada yangu kwamba mara nyingi siyo. Mwanamke akikoma, ndani panakauka, ngozi inakonda, inachubuka. Au kinyama kidogo kimeota. Lakini mara nyingine ndiyo yenyewe, na ikikutwa mapema inaondolewa. Anayejua ni anayepima."

"Dada yako alipimwa?"

"Alipimwa."

"Akapona?"

Mama Serafina alichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. "Hilo bado sijalisikia," alisema.

Ottilia alifuta uso. Akajikaza, na msomaji wewe unajua mwanamke huyu akijikaza. "Basi nitakwenda. Tukishamaliza harusi. Sitaki binti yangu aolewe huku watu wanasema mama yake anaoza."

"Baada ya harusi?"

"Baada ya harusi, mkwe. Nimeamua."

Mama Serafina aliinuka, akakung'uta kitenge chake, akatoka bila kuaga. Ottilia alisikia sauti yake ikipanda barazani. Anasema! Anawaambia wanaume!

"Wazee," ilisema sauti hiyo, "posa tumeipenda na binti tumempenda. Limebaki jambo moja la kimila. Kwetu mama wa bibi harusi hapangi tarehe kabla hajakwenda hospitali Mbinga kupimwa mwili mzima. Presha, sukari, na vingine vya kina mama."

"Mila ya wapi hiyo?" aliuliza Mzee Bartholomayo.

"Ya kwetu."

"Mimi nimekuwa kwetu miaka yote hii. Tangu lini?"

"Tangu leo."

Mzee Bartholomayo alimtazama mkewe, akaona hapo hapana mjadala, akaunga mkono mila za mababu.

Ottilia alimwita mumewe nyuma ya nyumba, kwenye chanja za kukaushia dagaa. Wendelin alikuja akipiga mluzi.

"Unaniitia huku pembeni, mama?" alisema akirekebisha kola. "Mchana wote huu?"

"Baba Benadetha, kaa."

"Hapa kwenye dagaa?"

"Kaa."

Akakaa. Ottilia akamwambia. Alimwambia yote, bila kumtazama, akipanga na kupangua dagaa ambao hawakuwa na kosa. Damu, mto, nguo za alfajiri, kopo. Alimwambia maneno ya Mama Serafina, na lile moja ambalo hakumudu kulitaja mara mbili.

Ule mluzi wa Wendelin sasa ulionekana ni wa mtu mwingine.

"Kumbe hukunikimbia," alisema.

"Nilikukimbia. Niliogopa utaona shuka."

"Mimi nilidhani ni mwalimu wa kwaya."

"Bernadi? Yule mwenye meno mawili?"

"Ndiyo maana iliniuma zaidi!"

Ottilia alicheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimshinda, kisha kikageuka kilio, na Wendelin akamshika mkono ule ule uliokuwa ukifichwa. Alikuwa na hofu kubwa mzee wa watu. Alimpenda mke wake, na muda wote ule alikuwa ameshughulika na wivu wakati mwenzake anavuja damu.

"Tunakwenda kesho," alisema. "Siyo kwa sababu ya mila ya yule mama. Kwa sababu mimi nimesema." Akasita. "Lakini kuna jambo. Bartholomayo nimekwisha kumwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mizizi inafanya kazi. Nimempa na mizizi iliyobaki chupani."

Kesho yake gari la asubuhi liliwafikisha Mbinga kabla jua halijachangamka. Mama Serafina alikuwa tayari akiwangoja hapo stendi, kitenge kipya, mwavuli mkononi. Aliwasindikiza mpaka lango la hospitali, hapo miguu ikamwishia.

"Ingieni," alisema. "Mimi nachagua parachichi hapa nje."

"Mkwe, si tuingie wote?"

"Parachichi za leo nzuri sana."

Ottilia aliona ajabu, lakini hakuwa na nafasi ya kuona ajabu mbili kwa siku moja. Aliingia.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Dafrosa, dada mwenye sauti ya upole na mkono wa haraka. "Shikamooni, wazazi." Kabla Wendelin hajamaliza kuitikia marahaba, mkono wake ulikuwa umekwisha fungwa kile kitambaa cha kupimia presha.

"Mimi nimesindikiza tu, binti!"

"Na presha yako imekusindikiza. Iko juu, baba. Kuna dawa unayotumia?"

Wendelin alitazama dari. "Mizizi kidogo."

"Ya nini?"

"Ya... mgongo."

"Utakaa hapa, nitakupima tena. Mama, wewe daktari anakungoja."

Daktari alikuwa msichana wa umri wa Benadetha. Ottilia alisimama mlangoni akitafuta daktari mwingine nyuma yake. Hakumwona.

"Karibu, mama. Tangu ulipokoma ni muda gani?"

"Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Sasa ni mwalimu."

"Na damu imerudi."

"Imerudi, mwanangu. Wapo waliopiga vigelegele."

Daktari hakucheka, lakini macho yake yalitaka. Alimuuliza kuhusu sukari, uzito, na ugonjwa wa mama zake. Alimpima kwa mikono, kisha kwa ile mashine ya picha. Ottilia alifumba macho, akawaomba watakatifu wote anaowajua na wawili aliowabahatisha. Daktari alieleza kila alichofanya kabla ya kukifanya, na jambo ambalo Ottilia aliliogopa miezi yote liliisha haraka kuliko kuparua samaki.

"Mama, ukuta wa mfuko wako wa uzazi umenenepa kuliko ninavyopenda kwa mtu aliyekwisha koma. Nimechukua kipande kidogo, kitakwenda kuangaliwa. Usijihukumu kabla ya majibu. Wengi wanaokuja na shida hii hawana saratani. Ila walio nayo, tofauti yao kubwa ni nani aliwahi na nani alichelewa."

"Mimi nimewahi au nimechelewa?"

"Umekuja. Tuanzie hapo. Na majibu yakiwa tayari utarudi?"

"Kwa nini nisirudi?"

"Wapo wasiorudi," daktari alisema, akashusha pumzi.

Ottilia alitoka, akakaa kwenye benchi la nje. Wendelin bado alikuwa chumba cha pili akibishana na kipimo cha presha. Jua lilikuwa zuri. Alimwona Mama Serafina anakuja taratibu na mfuko wa parachichi, akiangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Wamesemaje, mkwe?"

Kabla Ottilia hajajibu, Dafrosa alitoka. Akasimama ghafla. Akamsogelea Mama Serafina karibu kabisa na kusema kwa sauti ya chini, lakini pale benchini kila neno lilisikika.

"Mama. Shikamoo. Tumekupigia simu mpaka tumechoka."

"Umenifananisha, mwanangu."

"Nikufananishe, na mkono wako niliushika mimi pale kitandani? Uliahidi kurudi, mama. Daktari anakuulizia kila wiki. Mbona hukurudi?"

Parachichi moja lilidondoka, likabiringika mpaka miguuni pa Ottilia.

Hata wewe msomaji umekwisha ona. Mimi nilijua tangu barazani, lakini nilitaka kwanza posa ipite. Mzee Bartholomayo na ulimi wake uliosahau chumvi! Na lile kopo: Mama Serafina alilifungua, akalishika, akamwita Benadetha atie. Tulimsifu kwa akili, na akili alikuwa nayo. Lakini mkono wake mwenyewe haukuthubutu.

"Mkwe," Ottilia alisema polepole, "yule dada yako wa Namswea..."

"Sina dada Namswea."

"Na presha?"

"Presha yangu haina neno." Mama Serafina alikaa. Ule ukali wote wa jana ulikuwa umemtoka, na alionekana mama wa kawaida tu, aliyechoka. "Kwako nilikuwa jasiri kwa sababu mwili ni wako. Wangu nilipima, nikakimbia majibu. Nikasema, acha kwanza nimwozeshe Salvatory."

Ottilia aliyasikia maneno yake mwenyewe ya jikoni yakitoka katika mdomo wa mwingine, na aliona jinsi yalivyo ya kijinga. Akaliokota parachichi. Akalifuta kwa khanga, akalirudisha kwenye mfuko.

"Basi na mimi nina jambo la kimila," alisema. "Kwetu harusi haipangwi tarehe mpaka mama wa bwana harusi amesikia majibu yake."

"Mila gani hiyo? Tangu lini?"

"Tangu leo."

Mama Serafina alijaribu kukasirika, akashindwa. Walishikana mikono, wakwe wawili ambao kwa desturi wangepaswa kuwa wanazungumzia mbuzi, wakaenda mpaka mlango wa daktari.

"Usimwambie Bartholomayo," Mama Serafina alinong'ona. "Nikipata nguvu nitamwambia mwenyewe."

"Sitamwambia. Ingia."

Mlango ukafungwa. Ottilia akasimama mbele yake kama golikipa.

Hakumaliza hata Baba Yetu moja. Langoni ilisimama bodaboda, akashuka Mzee Bartholomayo, koti la Jumapili, na kifurushi cha gazeti chini ya kwapa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

"Mkwe, habari za hapa. Nimeambiwa na Aloyce mko huku." Alifungua gazeti kidogo, shingo ya chupa ikachungulia. Ilikuwa ile ile ya Mbamba Bay. "Mrudishie mwenzangu. Mwambie namshukuru. Mimi haikunisaidia kitu."

"Mzee, mke wako yuko..."

"Najua amekusindikiza. Ni vizuri hayupo hapa, maana nina swali, na mtu wa kumuuliza sina." Alikaa, akaikumbatia chupa. Yule mzee wa miba na mizaha hakuwepo tena. "Wewe ni mpishi. Mke anaacha kutia chumvi kwenye chakula cha mumewe. Anahamisha mto. Akiulizwa, anasema presha. Jana mbele za watu nimecheka, mkwe, lakini usiku silali. Niambie ukweli: mke wa namna hiyo bado anamtaka mumewe?"

Ottilia alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa hapo ulimini, na lingemponya mzee yule kwa sekunde moja. Lakini lilikuwa siri ya mtu mwingine.

Nyuma yake, sauti ya daktari ilikoma. Mlango wa mbao ni mwembamba, na Mzee Bartholomayo alikuwa amesahau kunong'ona.

Kitasa kikazunguka.

Mama Serafina alisimama mlangoni, kitenge kimemteleza begani. Majibu alikuwa amekwisha kuyasikia, na usoni pake hayakusomeka. Hakumtazama Ottilia. Alimtazama mumewe, na chupa, na lile koti alilolipiga pasi mwenyewe.

"Baba Salvatory," alisema, "hilo swali ni langu. Njoo ndani."

Mzee aliinuka, akamfuata, na chupa ya mizizi bado ameikumbatia kifuani.